Ng'ombe Kwa Lami Kitengela: Elewa Maisha ya Wamaasai Kabla Ununue Hiyo Ploti

Kama unaishi Kitengela, hii unaijua. Mat imetoka Tao fiti, mnakaribia stage, alafu kila kitu kinasimama. Si karao, si ajali. Ni ng'ombe. Wanavuka barabara ya Namanga polepole kama hakuna kitu kinawahusu, na nyuma yao kuna kijana wa shuka, fimbo begani, simu kwa sikio. Lazima msee mmoja kwa kiti cha nyuma ataropoka: "Si hawa wapeleke ng'ombe zao kwingine!"

Sasa shida ndio hiyo. Hiyo "kwingine" ndio mahali umepanga keja.

Wengi wetu tunajua Wamaasai kwa picha za watalii: kuruka, shanga, simba. Lakini maisha yao ya kila siku yalikuwa yamepangwa kwa akili sana, na yalishikiliwa na vitu viwili: kusonga na kugawana. Ukielewa hivyo viwili, utaelewa kwa nini ploti ndogo ya 50 kwa 100 inaweza kuwa ngori kubwa kwa familia ambayo hata hujawahi kuiona.

Unaongea Kimaasai kila siku na hujui

Anza na majina. Nairobi inatoka kwa maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Ongata Rongai ni uwanda mwembamba. Kajiado ni Olkejuado, mto mrefu. Yaani watu walipita hapa kitambo wakaangalia maji na nyasi, wakapea kila mahali jina la kile kilichokuwepo. Ni kama ramani, lakini ya kichwani.

Wamaasai wenyewe wamegawanyika kwa sehemu zinazoitwa iloshon, kila moja na ardhi yake. Kuna Matapato, Keekonyokie, Purko, Loodokilani na wengine. Hizi nyanda za Kitengela na Isinya ni za Ilkaputiei.

Nyumba ni ya mathee

Boma linaitwa enkang. Nje kuna ua wa miiba wa kuzuia simba na fisi, na usiku ng'ombe wanalala katikati. Ndani ya ua kuna nyumba, na hapa ndio watu hushangaa: fundi ni mwanamke. Anakata fito, anazisuka, anapaka udongo na kinyesi cha ng'ombe, na nyumba inakuwa yake. Mwanamume mwenye wake wawili hana nyumba mbili. Wake zake ndio wako na nyumba. Kwa mila, mke wa kwanza hujenga upande wa kulia wa lango la mumewe, wa pili upande wa kushoto.

Asubuhi, kabla jua litoke vizuri, akina mama na wasichana wanakamua. Maziwa ni mali ya mathee pia. Yeye ndiye anaamua nani anakunywa, kiasi gani, na nini kinabaki ya wageni. Buda anaweza kuwa na ng'ombe mia, lakini kwa mambo ya maziwa anangoja kama mtu mwingine yeyote.

Maziwa yanawekwa kwa kibuyu, na kibuyu hakioshwi tu na maji. Kinasuguliwa ndani na kijiti cha mti wa oloirien, mzeituni wa porini, kikiwa kimechomwa hadi kuwa kaa. Ule moshi unasaidia maziwa kukaa bila kuharibika haraka, na unaacha ile ladha ya moshi ambayo ukionja mara moja huisahau. Hiyo ilikuwa friji bila stima.

Kwa nini kusonga

Mvua ya Kajiado haina adabu. Inaweza kunyesha Isinya leo na kilomita chache mbele kukawa kukavu kabisa. Ukikaa mahali pamoja na ng'ombe wako, nyasi zitaisha na utabaki na mifupa.

Kwa hivyo watu waliweka mpango. Mvua ikinyesha, mifugo inapelekwa mbali kwa nyanda wazi, ju huko kuna madimbwi na majani mapya. Kiangazi kikifika wanarudi karibu na maji ya kudumu. Karibu na boma panaachwa malisho yanayoitwa olopololi, hapo ni pa ndama na ng'ombe wagonjwa tu. Ukipeleka fahali wako mwenye afya hapo, wazee watakuita. Kwa hivyo usidhani ile ardhi tupu ilikuwa haina mwenyewe. Ilikuwa inapumzika.

Ng'ombe ni akiba, rafiki ni bima

Kuna neno moja unafaa kulijua: osotua. Maana yake ya kwanza ni kitovu, ile kamba inaunganisha mtoto na mama. Maana ya pili ni urafiki wa kupeana. Mimi na wewe tukiwa na osotua, ukame ukimaliza ng'ombe zako, unakuja kwangu unaomba, nami nakupa kile naweza. Si mkopo. Hakuna riba, hakuna kuandikwa kwa daftari, na hakuna kukupigia simu usiku kama zile apu za mkopo. Mnaweza hata kuacha majina yenu na kuitana kwa mnyama mliyepeana. Ukinipa kondoo, tunaitana Paker.

Fikiria hiyo vizuri. Ugonjwa na ukame havipigi kila boma kwa wakati mmoja, kwa hivyo mtu mwenye marafiki wengi mbali mbali alikuwa tajiri kuliko mwenye ng'ombe wengi na roho chafu.

Mbogi ya maisha

Kijana hakukuwa mtu mzima peke yake. Alipanda na rika lake. Anaanza kama layoni, kijana wa kuchunga. Baada ya kutahiriwa anakuwa moran, mlinzi wa watu na mifugo. Moran hali peke yake, lazima awe na wenzake. Baadaye inakuja sherehe ya eunoto, ambapo mama yake anamnyoa zile nywele ndefu, na anaanza safari ya kuwa mzee. Sherehe tatu za rika, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ziliwekwa na UNESCO mwaka wa 2018 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hiyo "haraka" iko hapo kwa sababu.

Na tusidanganyane, si kila kitu cha kitambo kilikuwa kizuri. Wasichana walikeketwa na kuozwa wakiwa wadogo. Ukeketaji umepigwa marufuku waziwazi na sheria ya mwaka wa 2011, na kati ya watu wanaoupinga kwa nguvu Kajiado ni wanawake Wamaasai wenyewe.

Ardhi ilienda aje?

Mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni iliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate. Wakapewa hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine huku kusini, wakaahidiwa ni yao milele. Milele ilidumu miaka saba. 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia. Walienda kortini na 1913 wakapoteza, korti ikisema mkataba kama huo si kazi yake kuamua.

Baada ya uhuru, sheria ya 1968 ilileta ranchi za pamoja: ardhi moja, familia nyingi. Wengi walioandikwa walikuwa wanaume, wakuu wa familia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati. Miaka ya 1990 ikaleta viwanda vya EPZ pale Athi River, wafanyakazi wakataka keja, na bei ya ardhi ikapanda. Ukame ukikumaliza na mtoto anahitaji karo, na broka amesimama kwa lango na ganji mkononi, ni rahisi kuuza. Na ukumbuke, yule mathee aliyejenga nyumba mara nyingi hakuwa na jina kwa hiyo hati.

Kila anayenunua anaweka ua. Ua mmoja si noma. Ua elfu moja zimefunga njia.

Wanyama pia walifungiwa. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946 na upande wa kusini ukaachwa wazi ili nyumbu watoke kwenda hizi nyanda wakati wa mvua, karibu mpango ule ule wa ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu hapa walikuwa zaidi ya 20,000. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Tangu 2000 kulikuwa na mradi wa kulipa familia dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiuze wala kuweka ua. Linganisha na bei ya ploti moja leo, utajua mbona hiyo vita ilikuwa ngumu.

Si watu wa makumbusho

Usisome hii ukidhani ni hadithi ya watu waliokwisha. Richard Turere alikuwa mtoto wa kuchunga hapa karibu na mbuga. Simba walikuwa wanakula ng'ombe wa babake, kwa hivyo akaunganisha betri ya gari, sola na taa za kumetameta zizunguke boma. Simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi, wakahepa. 2013, akiwa bado mtoto, alieleza uvumbuzi wake kwa jukwaa la TED huko Marekani. Hiyo ni kazi ya layoni, ile ile ya kitambo, ikiwa na waya.

So kama unanunua kipande Isinya, Kisaju au kwingine, fanya vitu vitatu. Moja, uliza majirani wazee njia ya mifugo inapita wapi, na usiifunge. Mbili, hakikisha mke wa muuzaji amekubali kabla pesa itoke. Sheria inataka hivyo kwa shamba la familia, na wewe hutaki kujenga juu ya machozi ya mtu. Tatu, salimia. Mzee akikuambia "sopa," jibu ni "ipa." Ukimsalimia mama "takwenya," atajibu "iko." Haikugharimu hata bob moja, na inaonyesha unajua umehamia kwa watu.