Kabla ya kuitupa kompyuta, ifahamu Linux

Je, ndugu msomaji, kompyuta iliyopo mezani nyumbani kwako ni mbovu, au umeambiwa tu kwamba imepitwa na wakati? Swali hili lisikuchekeshe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuuhudumia mfumo wake wa Windows 10, uliotoka mwaka 2015. Mfumo uliofuata, Windows 11, hauzikubali rasmi kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hivi, hata kama skrini ni nzima na diski haina kasoro. Kompyuta hizo hazikuzimika siku ile. Zinawaka kama kawaida, ila haziletewi tena viraka vya kuziba matundu wanayopitia wezi wa mitandaoni. Kweli, Microsoft ilitangaza muhula wa nyongeza hadi Oktoba 2026 kwa watakaojiandikisha. Lakini muhula ni muhula, una mwisho wake.

Kwa mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wake akanunua kompyuta ya mtumba ili watoto wajifunzie, hili si jambo dogo. Wala si dogo kwa mwenye duka la steshenari anayechapa barua za watu kutwa nzima. Anunue nyingine, au aendelee na hatari? Ipo njia ya tatu, nayo ni kuhamia Linux. Makala haya yanakusudia kukueleza njia hiyo ilivyo, pamoja na miiba yake.

Mpangaji na mwenye nyumba

Kila kompyuta ina programu kuu inayoamka kabla ya nyingine zote. Hiyo ndiyo huitwa mfumo endeshi. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa karakana: kuipa kila programu nafasi, kulinda faili, na kupeleka maandishi kwenye printa. Windows ni mfumo endeshi wenye mwenyewe. Unapoulipia hununui mfumo. Unapewa leseni ya kuutumia. Wewe ni mpangaji. Unaweza kupanga viti upendavyo, lakini michoro ya nyumba anayo mwenye nyumba, naye ndiye atakayesema lini hakarabati tena.

Linux ilianza kwa njia nyingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliandika kiini cha mfumo, akawaachia watu wengine wakisome na kukirekebisha. Kiini hicho kikaungana na kazi ya Mmarekani Richard Stallman, ambaye tangu mwaka 1983 alikuwa ametangaza mradi wa kuunda mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwani kina maneno mawili: bure na huru. Linux nyingi hupatikana bure, lakini jambo kubwa ni kwamba ziko huru. Ukimnakilia jirani yako hujaiba. Ni tofauti kabisa na zile nakala za Windows zisizo na leseni, zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi, ambazo mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Tena huenda umekwisha kuitumia Linux bila kujua. Simu za Android, ambazo zimejaa mikononi mwa abiria wa daladala, zinaendeshwa kwa kiini hicho hicho.

Waliotangulia kuhama

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Basi tuwatazame waliotangulia kupanda.

Mwaka 2003 halmashauri ya mji wa Munich, Ujerumani, iliamua kuachana na Windows. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mkuu wa Microsoft wa wakati ule, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake akaenda kuzungumza na Meya Christian Ude. Mji haukubadili nia. Kufikia mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 za watumishi zilikuwa zimehamishwa, na halmashauri ikasema imeokoa zaidi ya euro milioni 10. Lakini mwaka 2017 baraza la mji lilipiga kura kurudi Windows. Watumishi walikuwa wamelalamikia programu ambazo hazikufanya kazi vizuri, na nyaraka zilizoharibika mpangilio zilipopelekwa katika ofisi nyingine. Wapo waliosema kosa halikuwa la Linux bali la uendeshaji na la siasa, na ubishi huo haujesha.

Sasa watazame askari wa Gendarmerie ya Ufaransa. Wao hawakuanza na mfumo. Mwaka 2005 walianza kubadili programu ya kuandikia, wakaweka OpenOffice, ilhali kompyuta zao zikiwa bado na Windows. Baadaye wakabadili programu ya kuvinjari intaneti na ya barua. Askari walipokwisha kuyazoea hayo, ndipo mwaka 2008 wakaanza kuhamia Linux aina ya Ubuntu. Siku mfumo ulipobadilika, programu alizozishika askari kila siku zilikuwa zile zile alizozizoea. Nao hawakurudi nyuma; leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao zinatumia Linux.

Funzo ni hili: kinachomshinda mtu si mashine, ni mazoea. Hamisha vyombo kwanza, ndipo uhame nyumba.

Utaanzaje wewe?

Kwanza, tenga mwezi mmoja au miwili ukiwa bado na Windows, uweke LibreOffice ya kuandikia na kupigia mahesabu, na Firefox ya intaneti. Zote mbili ni huru. Mwache mtoto aandikie kazi yake ya shule humo, nawe uandike hesabu za mwezi. Mkikwama, mtajua ni wapi mmekwama kabla hamjavunja chochote.

Pili, andika kwenye karatasi kila kazi inayofanywa na kompyuta hiyo, na jina la programu inayoifanya. Usisahau printa. Ikiwa kazi yako inategemea programu ya uhasibu au ya usanifu isiyokuwa na toleo la Linux, simama hapo. Nyaraka za Word hufunguka katika LibreOffice, lakini majedwali na mipangilio migumu huweza kuyumba. Kwa mwenye kuchapa kazi za wateja, hilo ni jambo la kupima mapema.

Tatu, nakili faili zako zote, picha za harusi na vyeti vya watoto vikiwemo, katika diski ya nje, kisha uifungue diski hiyo katika kompyuta nyingine uone kama kweli zimo. Wengi wanaolia baada ya kuhama hawalii kwa sababu ya Linux. Wanalia kwa sababu ya hatua hii waliyoiruka.

Nne, pakua Linux Mint au Ubuntu. Linux Mint huhitaji angalau gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ni afadhali. Faili lake ni takriban gigabaiti 3, hivyo kama bando ni la kubana, mwombe mwenzako wa kazini mwenye nakala, sheria inaruhusu. Ukishaiandaa kwenye flashi, unaweza kuiwasha kompyuta kutoka humo bila kugusa Windows iliyomo ndani. Jaribu sauti, intaneti, na ile printa. Vyote vikiitika, ndipo uisimike. Ukiwa na shaka, fundi anaweza kuziweka zote mbili pamoja, uchague kila unapowasha.

Lugha yetu nayo ina historia katika jambo hili. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wataalamu wale hawakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote ili kuitafsiri. Huo ndio uhuru unaozungumzwa.

Ndugu msomaji, si kila mtu ahame. Anayeridhika na Windows, mwenye kompyuta inayokubali toleo jipya na leseni halali, hana deni na mtu. Lakini wewe uliyeambiwa kwamba kompyuta yako nzima haifai tena, usikimbilie dukani. Waite watoto mezani jioni moja, mwashe kompyuta kutoka kwenye flashi, na muijaribu pamoja. Mkiona haiwafai, chomoa flashi, uwashe tena, na kila kitu kitakuwa pale pale mlipokiacha.