Kalibu ya kushika mikrobe

Wazee wetu wa Katanga walikuwa wanamimina shaba ya moto mu kalibu ya udongo ao ya mchanga, na msalaba unatoka. Msalaba ukishatoka, kalibu inabaki na shimo lenye umbo lake. Kitu cha umbo lingine hakiingie mule.

Leo wanasayansi wanafanya kazi ya namna ile na plastiki. Wanakandamiza virusi ao mikrobe juu ya plastiki ingali laini. Plastiki ikikauka, wanaiosha, virusi vinatoka, nafasi yao inabaki, pamoja na vishikio vya kemia. Mate ao damu ikipita pale, virusi vya umbo lile vinanasa, vingine vinapita. Mzani mdogo sana unasikia uzito wa vilivyonasa.

Günter Wulff, mu Ujerumani, alifungua njia hii mu 1972 na vitu vidogo kuliko virusi. Mu 1976 Wajapani walitengeneza plastiki yenye kukumbuka shaba. Kisha, kule Vienna, watu wa Franz Dickert walishika chembe za levire, na virusi vya ugonjwa wa tumbako.

Ndugu wachimbaji, hii inatuhusu namna gani? Vipimo vingi vya haraka vinatumia kingamwili, askari wa mwili, na joto linawaharibu. Plastiki haiogope joto sana, na mara nyingi inaweza kuoshwa na kutumika tena. Pahali umeme unakatika kila mara, hiyo si kitu kidogo.

Lakini tusidanganyane. Kwa virusi na mikrobe kazi hii ingali zaidi mu laboratware. Virusi viwili vinaweza kufanana, kalibu ikakosea.

Tena, vumbi si mikrobe. Hakuna kalibu itaona vumbi la mawe lililolala mu mapafu. Na mapafu yaliyojaa vumbi lile yanashikwa na TB upesi. Mama, baba akikohoa kupita wiki 2, usingoje plastiki ya kesho: apeleke makohozi ku santé leo.

Na sisi delege, tuombe mambo matatu ku meza ya mazungumzo: mapafu ya kila mfanyakazi yapimwe, hata wa sutretansi, jibu apewe yeye mwenyewe kwanza, na mutu asifukuzwe juu ya jibu lile. Kipimo kizuri mu mkono wa bosi peke yake hakiponyeshe mutu.