Sarajevo: mji ulioinuka na wakfu wake

Tarehe 6 Aprili 2012, barabara kuu ya mji wa Sarajevo, nchini Bosnia, ilipangwa viti vyekundu 11,541. Hapakuwa na mtu wa kuvikalia. Kila kiti kilikuwa cha mtu mmoja aliyeuawa wakati mji huo ulipozingirwa, tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Viti vya watoto vilikuwa vidogo.

Kwa takriban miaka minne watu wa mji ule waliishi chini ya makombora yaliyorushwa kutoka milimani, na aliyetoka kwenda kuteka maji hakuwa na hakika ya kurudi. Leo, alhamdulillah, adhana inasikika, madrasa zina wanafunzi na soko la kale la Baščaršija lina wauzaji na wanunuzi. Ni kweli kwamba misaada ya nje ilikuja, na Mwenyezi Mungu awalipe walioitoa. Lakini anayetaka kujua mji huu ulisimama juu ya nini, na arudi nyuma karibu miaka mia tano.

Gazi Husrev-beg alikuwa liwali wa dola ya Uthmaniya huko Bosnia, na kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa Sultani Bayezid II. Msikiti wake ulikamilika mwaka 1531. Aliweka pia jiko la kulisha wahitaji, hamamu na soko lenye maduka, ili mapato ya mali hizo yahudumie kazi za kheri baada yake. Mwaka 1537 aliandikisha hati ya wakfu wa madrasa, na ndani yake akatia sharti moja: fedha zitakazosalia baada ya ujenzi zinunue vitabu. Kutokana na sharti hilo fupi ikazaliwa maktaba, nayo ipo hadi leo.

Vita vilipoingia, vitabu navyo vililengwa. Mnamo Mei 1992 Taasisi ya Elimu za Mashariki iliteketezwa kwa makombora, na miswada 5,263 ya Kiarabu, Kifarsi, Kituruki na Kibosnia ikawa majivu. Agosti mwaka huohuo ikaungua Maktaba ya Taifa. Watumishi wa maktaba ya Gazi Husrev-beg waliamua kuuokoa urithi waliokabidhiwa. Katika miaka ile ya vita waliihamisha miswada yao mara nane, kutoka maficho haya hadi mengine, wakiibeba katika mitaa iliyokuwa ikipigwa mabomu. Miongoni mwake ilikuwamo nakala ya Ihya ya Imam Ghazali iliyoandikwa mwaka 1106, mwandishi wake angali hai. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wenye njaa na hofu kama majirani zao.

Januari 2014 maktaba hiyo ilifunguliwa katika jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa Qatar, na miswada ikapata makao. Mei mwaka huohuo likafunguliwa tena jengo la Maktaba ya Taifa, limekarabatiwa na kupendeza. Kuta zake zimerudi, lakini sehemu kubwa ya vitabu vilivyoungua ndani yake haitarudi kamwe.

Tusidhani kwamba wakfu wa Sarajevo haukupata misukosuko mingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Yugoslavia ilitaifisha sehemu kubwa ya mali za wakfu. Hata hivyo hati zilibaki, na mwenye hati ana hoja ya kudai haki yake hata miaka ikipita.

Hapa ndipo kisa cha mji wa mbali kinapotugusa. Ni misikiti mingapi katika miji yetu imesimama juu ya kiwanja kilichotolewa kwa kauli tu? Mzee husema mbele ya jamaa, baada ya sala, kwamba ardhi hii ni ya Mwenyezi Mungu. Watu huitikia kwa takbira na kumwombea dua. Miaka thelathini ikipita, mzee hayupo, mashahidi hawapo, na wajukuu wasiojua chochote wanaleta mnunuzi. Wala si haki kuwalaumu wao peke yao, kwa kuwa hakuna aliyewaachia karatasi.

Qur'ani imetuamrisha tuandike deni la muda. Basi sadaka tunayotaka iendelee baada ya kufa kwetu inastahili kuandikwa zaidi. Familia iliyotoa wakfu na iketi na wazee wake wangali hai, iandike mipaka ya kiwanja, kusudio la mtoaji na jina la msimamizi, kisha ipeleke hati kwa mamlaka zinazohusika. Nakala moja ibaki msikitini, nyingine nyumbani, na watoto waisome na kuielewa. Kamati nazo zitoe nakala za daftari zao na kuziweka mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa.

Gazi Husrev-beg alifariki mwaka 1541. Hakujua kwamba mji wake ungekuja kuzingirwa, wala nani angebeba vitabu vyake. Alichofanya ni kuandika waziwazi alichokitoa na alichokikusudia. Waliokuja nyuma wakajua wamekabidhiwa nini, na siku ya shida wakajua cha kuokoa.