Akili Iliyo Jikoni

Nicolas Herman alikuwa askari kutoka Lorraine, akaumia mguu vitani. Baadaye alijiunga na watawa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Bruda Laurent, akapangiwa kazi jikoni. Kwa asili yake aliichukia kazi hiyo. Hata hivyo aliifanya miaka mingi, na humo humo, kati ya sufuria na kelele za wanaotaka chakula, akajizoeza kukaa mbele ya Mungu kama alivyokaa wakati wa sala. Alifariki mwaka 1691.

Kilicho muhimu kwangu ni ile chuki. Wengi tunaamini kwamba ili mtu aishi leo yake, sharti kwanza apate kazi anayoipenda, au likizo. Bruda Laurent hakusubiri kupenda.

Sayansi nayo imeelekea huko huko. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 walioulizwa kupitia simu, saa yoyote walipokuwa macho, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Kilichoeleza zaidi furaha yao ni mahali akili ilipokuwa, kuliko shughuli yenyewe. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuwazidi walioikazia macho kazi yao.

Waislamu wanaolijua fundisho la udhu, yaani kunawa kabla ya sala, hawatashangaa. Nia hutangulia, kisha viungo hufuatana kwa mpangilio: uso, mikono, kichwa, miguu. Anayewaza duka lake hujikuta hajui kama mkono ameuosha mara mbili au tatu. Utaratibu ule humlea mtu kuwapo pale alipo, na kuchambua mchele, kufua au kufagia uwanja kunaweza kumlea vivyo hivyo.

Lakini tusiligeuze neno hili kuwa mzigo wa wengine. Mama anayefuata maji kisima cha mbali anahitaji bomba, na kumwambia aifurahie ndoo ni kumdharau. Anayesifu utulivu wa jikoni naye achukue zamu yake.

Basi, msomaji, chagua kazi moja ya nyumbani ambayo kila siku unaifanya mbio mbio ili iishe. Simu iache chumba kingine. Akili ikitoroka, irudishe; ikitoroka tena, irudishe tena, wala usijilaumu.