Pamba Jiji na Makocha wa Zima Moto

Kiloleli haina timu Ligi Kuu. Mkoa mzima wa Simiyu hauna. Hilo halijawahi kumzuia mtu wa Kiloleli kumfukuza kocha. Vijiweni, bodaboda wanakosubiri abiria wa kwenda Nyashimo au Lamadi, kocha hutimuliwa asubuhi, mrithi wake hutajwa kabla chai haijapoa, na usiku kwenye kibanda umiza, mechi ikiisha vibaya, mrithi naye anaanza kutafutiwa mbadala.

Mwishoni mwa mwaka 2024 kazi hiyo ilikuwa nyingi kweli. Oktoba Pamba Jiji ya Mwanza iliachana na Mserbia Goran Kopunovic. Tarehe 28 mwezi huohuo Manchester United ikamwondoa Erik ten Hag. Novemba 15 Yanga ikamfungashia virago Miguel Gamondi, aliyewapa ubingwa miezi michache tu nyuma, baada ya kufungwa na Azam 1-0 na kisha Tabora United 3-1. Ya Manchester ilichambuliwa kwa kina na watu ambao hawajawahi hata kuiona Old Trafford kwa mbali. Ya Yanga ilisindikizwa na kejeli za Wanasimba, wenyewe wakiwa bado hawajasahau zile tano walizofungwa na Yanga Novemba 2023. Ya Pamba ilizungumzwa kwa uchungu, maana hiyo ndiyo ya kwetu.

Ya kwetu kwa jina, kwanza. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa kulima pamba nchini, na wengi wa wanaobishana hapa wamesomeshwa kwa fedha za zao hilo, kwa miaka ile bei ilipokuwa nzuri. Halafu ni ya kwetu kwa jirani: mtu wa Busega akitaka kuona Ligi Kuu kwa macho yake, anapanda basi la Mwanza kwenda CCM Kirumba. Na sasa ni ya kwetu kwa kukosa nyingine. Toto Africans ilishuka 2017. Mbao na Alliance zikafuata 2020, Mwadui 2021, Biashara United ya Musoma 2022, Geita Gold 2024, Kagera Sugar 2025. Stand United ya Shinyanga ilifika mlangoni mwaka huohuo wa 2025, ikafungiwa na Fountain Gate kwenye mchujo. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, Kanda ya Ziwa yote ilikuwa na timu moja tu Ligi Kuu, nayo ni hiyo Pamba, TP Lindanda.

Wazee wanaikumbuka kwa sura nyingine. Pamba ilikuwa bingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990, ikiwa na watu wa aina ya Khalfan Ngassa, Fumo Felician, George Masatu, Hussein Masha na Nteze John. Simba na Yanga walikuwa wakija Mwanza kwa hofu, na wakirudi Dar es Salaam walikuwa wanarudi na hesabu za kuwachukua wachezaji. Mwaka 2001 ikashuka, ikakaa huko chini miaka 23. Kijana aliyezaliwa Kiloleli mwaka ule wa kushuka alikuwa mtu mzima mwenye mke na shamba siku timu iliporejea.

Aliyeirejesha, Aprili 2024, anaitwa Mbwana Makata.

Hapo ndipo mjadala wetu unapoanzia, au ulipotakiwa kuanzia. Makata aliipandisha timu ambayo wengine walishindwa kuipandisha kwa zaidi ya miongo miwili. Ligi Kuu ilipoanza Agosti, benchini alikaa Kopunovic. Si kwamba Mserbia huyo alikuwa mgeni wa nchi: aliwahi kuifundisha Simba mwaka 2015 na kutwaa nayo Kombe la Mapinduzi, kisha akapita Tabora United. Wasifu ulikuwepo. Magoli ndiyo hayakuwepo. Sare zikafuata sare, nyingine za bila kufungana, ushindi haukuja, na mwanzoni mwa Oktoba Yanga ikaishindilia nne bila. Siku chache baadaye Kopunovic akaenda zake, na simu ikapigwa kwa Fred Felix Minziro.

Minziro, beki wa zamani wa Yanga, ni mtu anayepigiwa simu hali ikishakuwa mbaya. Alifanya kazi ileile Geita Gold. Yeye ndiye aliyeipandisha Geita mwaka 2021. Lakini kiti cha kocha mkuu akapewa Mrundi Etienne Ndayiragije, ambaye alikuwa ametoka kuifundisha Taifa Stars. Mambo yakaharibika mapema, Ndayiragije akaondoka, kiti kikarudi kwa Minziro. Geita ilimaliza ya nne, ikakata tiketi ya Afrika, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele. Aliyemuita Pamba alijua anamuita nani. Na kweli, msimu ulipokwisha, KenGold waliopanda pamoja na Pamba walirudi walikotoka, Kagera Sugar wakawafuata, Prisons na Fountain Gate wakatumwa kwenye mchujo, na Pamba ikabaki.

Msimu uliofuata kocha wa Pamba Jiji alikuwa Mkenya Francis Baraza.

Sina ugomvi na Baraza, ambaye amefanya kazi Kanda hii kabla, na hoja yangu si pasipoti. Ninachouliza ni hiki: aliyeipandisha hakubaki, aliyeiokoa hakubaki, sasa kubaki kunatafutwa kwa kufanya nini? Kijiweni Kiloleli kuna majibu ya kila aina. Lipo kundi linalosema mzawa anazoeleka, wachezaji wanamuita kaka, kesho hawamsikilizi. Lipo linalosema tatizo ni leseni, kwamba kanuni zinataka daraja fulani la ukocha na makocha wetu wengi hawana. Hoja ya leseni ina uzito, naikubali, ila inanishangaza kuwa leseni huonekana pungufu timu ikiwa salama na hutosha kabisa timu ikiwa mkiani.

Wapo pia wenye kumtaja Hemed Suleiman Morocco, na hao ni wagumu kuwajibu. Morocco, kocha mzawa, aliipeleka Taifa Stars kwenye AFCON ya 2025, akaondolewa Novemba, wiki chache tu kabla ya mashindano, akaletwa Gamondi yuleyule wa Yanga. Stars ikavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mashabiki wa makocha wageni hupiga meza kwa mfano huo. Wanasahau kusema kwamba makundi yalivukwa kwa sare mbili na kipigo kimoja, bila ushindi hata mmoja, na kwamba timu iliyofika huko haikujengwa kwa wiki hizo chache. Lakini historia imeandikwa kwa jina la Gamondi, na mimi siwezi kuifuta. Vilevile siwezi kuwanyima wageni haki yao: Nasreddine Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, na Fadlu Davids akaifikisha Simba fainali ileile 2025.

Tofauti ni kwamba Nabi alipewa misimu miwili na usajili wa maana. Mzawa hupewa mechi. Muulize Juma Mgunda. Septemba 2022 Zoran Maki aliiacha Simba ghafla, Mgunda akaitwa kutoka Coastal Union, akaitoa Nyasa Big Bullets, akaitoa Primeiro de Agosto, akaiingiza Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari akaletwa Robertinho na Mgunda akasogezwa kuwa msaidizi. Robertinho akaangushwa na zile tano, akaja Benchikha, Aprili 2024 Benchikha akaondoka, na nani akaitwa tena? Mkulima yeyote wa hapa angegoma kufyeka shamba, kupanda na kupalilia, kisha msimu wa kuchuma aagizwe akashike jembe kwa mwingine. Makocha wetu hawagomi. Labda wangegoma mara moja tungewaheshimu.

Kuna jambo moja ambalo kijiwe hukwepa, kwa sababu halina raha ya kubishania. Kocha wa Pamba hasajili peke yake. Wapo wanaochagua wachezaji, wapo wanaochelewesha mishahara au kuiwahisha, wapo wanaoamua kambi iwe wapi. Kumfukuza kocha ni njia nyepesi kuliko zote. Anaondoka mtu mmoja, wachezaji zaidi ya ishirini wanabaki, na waliowasajili wanabaki pia, wakiwa wameketi kwenye kikao cha kumchagua mwingine. Kopunovic hakufunga magoli, ni kweli. Lakini mbele pale hakucheza yeye. Ukimuuliza shabiki wa Kiloleli akutajie makocha wa Pamba tangu ipande, anakutajia wote kwa mpangilio. Muulize nani aliongoza usajili wa msimu ule wa kwanza, atakutazama.

Na hii si timu ya tajiri mmoja anayeweza kufanya atakalo na fedha zake. Nyuma ya Pamba Jiji ipo Halmashauri ya Jiji la Mwanza, yaani fedha za umma. Kwa hiyo naomba kitu kidogo kwa wenye timu: siku mtakapomtangaza kocha ajaye, awe mzawa au mgeni, tutangazieni na mkataba wake ni wa muda gani, ametakiwa kumaliza nafasi ya ngapi, na nani mwenzake anawajibika kwa usajili. Yawekwe wazi kabla ya mechi ya kwanza. Akishindwa, sisi wa Kiloleli tutamfukuza wenyewe, tena mapema kuliko nyie; ila safari hiyo tutajua na nani wa kuondoka naye.