Kupunga upepo katika pumzi za wengine

Katika majedwali ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiyatoa kila siku mnamo Februari 2020, palikuwa na mstari mmoja uliomfanya msomaji makini asite. Chini ya majina ya China, Singapuri, Japani na kadhalika, palikuwa na mstari usiokuwa wa nchi yoyote. Ulikuwa mstari wa meli. Diamond Princess ilikuwa imefunga gati Yokohama, lakini wagonjwa wake hawakuhesabiwa pamoja na wa Japani, wala na wa mataifa walikotoka. Kwa siku kadhaa za mwezi huo, meli hiyo moja ilikuwa na wagonjwa wa korona wengi kuliko nchi yoyote nje ya China.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mnamo Mei 5, 2023, Shirika hilohilo lilitangaza kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Meli za kitalii zimejaa abiria, na baadhi yake hutia nanga Kilindini na kushusha wageni waendao kutazama Fort Jesus. Walimu wenzangu waliostaafu, hasa wale wenye wana ughaibuni, huletewa vijitabu vyenye picha za maji ya samawati na meza zilizosheheni maakuli. Nao wanafunzi wangu wa zamani, aghalabu wale wa Mombasa na Kilifi, huniletea mikataba ya kazi za melini niwasaidie kuisoma. Makundi haya mawili, moja likitaka kustarehe na jingine likitaka kula jasho lake, huishia kwenye swali moja: je, korona ni jambo la kuogopwa melini hata sasa? Mimi si tabibu. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu. Hata hivyo, naona kwamba sehemu kubwa ya jibu imefichika katika maneno tunayoyatumia, na hapo ndipo ninapothubutu kusema.

Tuanze na yaliyotukia. Diamond Princess iling'oa nanga Yokohama Januari 20, 2020. Abiria mmoja alishuka Hong Kong tarehe 25, na Februari 1 ikathibitishwa kwamba alikuwa na virusi. Meli ilirejea Yokohama Februari 3 ikiwa na watu 3,711, yaani abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Tarehe 5 majibu ya kwanza yalipotoka, kati ya watu 31 waliopimwa, 10 walikuwa wameambukizwa. Hapo ndipo abiria walipoamriwa kubaki vyumbani mwao kwa siku 14. Mambo yalipokwisha, waliokuwa wameambukizwa walifikia 712, na zaidi ya kumi miongoni mwao walifariki. Karibu nusu ya walioambukizwa hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo la mwisho. Mlinzi wa lango la meli aliyeuliza, "Je, una homa? Unakohoa?" alikuwa akiuliza swali ambalo wengi wa wenye virusi wangelijibu "la" bila ya kusema uongo.

Kwa nini meli? Mwalimu yeyote aliyewahi kuwa na zamu katika shule ya bweni analijua jibu. Mwanafunzi mmoja huamka na mafua Jumatatu, na kufikia Ijumaa bweni zima linapiga chafya. Matatu, ijapokuwa husongamana kupita kiasi, hukushusha baada ya saa moja. Melini watu hulala, hula, hucheza dansi na kutazama maonyesho chini ya paa moja kwa siku kumi au kumi na nne. Hupanda lifti zilezile, hushika vyuma vilevile vya ngazi, na katika kila bandari hutoka kwenda kuchanganyika na watu wapya na kurudi. Vyumba vingi vya bei nafuu vimo katikati ya meli na havina dirisha. Isitoshe, wanaoweza kulipia safari kama hizo na kuwa na nafasi ya kwenda aghalabu ni watu wa makamo na wazee, nao ndio ambao korona huwaonea zaidi.

Maskini neno karantini! Sisi Waswahili tumelipokea kupitia kwa Kiingereza, lakini chimbuko lake ni Italia, na lilizaliwa kutokana na meli. Mnamo 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, ulipitisha sheria kwamba wasafiri kutoka mahali penye tauni watengwe siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo zikawa 40, na Waveneti wakaziita kwa neno lao la arobaini, quaranta. Kwa hakika, tungetaka kulitafsiri neno hilo kwa asili yake, lingekuwa "arobaini" tu, na tungekuwa tumefika nyumbani: mzazi wetu hukaa ndani arobaini yake, maiti husomewa arobaini yake, na mwizi naye ana arobaini zake. Pwani yetu wenyewe inayo kumbukumbu ya karantini za baharini. Jengo la Kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, lilijengwa mwaka 1893 ili liwe jela, likaishia kuwa mahali pa kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na homa ya manjano.

Sasa tazama maana ya neno ilivyo tangu mwanzo. Karantini ilibuniwa kwa ajili ya kuulinda mji usidhuriwe na meli. Haikubuniwa kamwe kuwalinda waliomo melini wasidhuriane. Pale Changuu msafiri alishushwa, akatengwa nchi kavu. Yokohama, watu walizuiliwa ndani ya chombo kilekile kilichowaambukiza. Wataalamu wa Japani walibaini baadaye kwamba wengi wa abiria walikuwa wameambukizwa kabla ya amri ya kubaki vyumbani, kwa hivyo nisidai kwamba amri hiyo haikufaa kitu. Abiria walifaidika nayo. Lakini abiria wapatao 2,600 waliofungiwa vyumbani ni lazima wale. Je, nani aliyewapelekea chakula?

Jibu la swali hilo limo katika takwimu, na ndilo jambo lililonigusa zaidi katika kisa chote hiki. Wafanyakazi hawakuwa na karantini kama ya abiria. Waliendelea kupika, kugawa sahani mlangoni, kukusanya vyombo, kula pamoja na kulala wawili au zaidi katika chumba kimoja kwenye sitaha za chini. Kufikia Februari 9, wafanyakazi 20 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa. Kati yao, 15 walikuwa watu wa jikoni na mezani. Na 16 kati ya hao 20 walikuwa wakiishi kwenye sitaha ya tatu, ambako watu wa kazi hiyo walilazwa. Hadi mwisho, wafanyakazi 145 waliambukizwa. Tukisema "abiria walitengwa" tunasema kweli, lakini kitenzi hicho kimemficha mtu aliyekuwa akisimama nje ya mlango na sinia mkononi.

Wiki chache baadaye, Machi 8, 2020, meli nyingine ya kundi hilohilo la kampuni, Ruby Princess, iliondoka Sydney kuelekea New Zealand. Ilirejea Machi 19, na abiria wapatao 2,700 wakaruhusiwa kuteremka na kwenda zao, huku wengine wakiwa tayari na virusi. Watu 28 walipoteza maisha kutokana na mkasa huo. Oktoba 2023, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba kampuni zilizohusika na meli hiyo zilifanya uzembe kwa kuiachilia safari iendelee ilhali hatari ilikuwa ikijulikana. Naitaja hukumu hiyo kwa makusudi, kwani wapo wasemao kwamba mwaka 2020 hakuna aliyejua chochote. Mambo ya Yokohama yalikuwa yamekwisha kutangazwa duniani kote.

Kulikuwa na tatizo jingine, nalo lilikuwa la lugha. Mwezi huohuo wa Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba korona haisambai hewani, kwamba husafiri kwa matone yatokayo mtu anapokohoa au kupiga chafya, ambayo huanguka chini upesi. Kutokana na msamiati huo dunia nzima ilielekea kuosha mikono na kupangusa meza. Meli zilisuguliwa zikang'aa. Kumbe chembe ndogo za pumzi huweza kuelea kwa muda mrefu katika chumba kisichopata hewa safi. Ubishi juu ya neno "hewani" uliendelea kwa miaka, hata ikabidi Shirika hilo, baada ya kushauriana na vituo vya kudhibiti magonjwa vya Afrika, China, Ulaya na Marekani, litoe istilahi mpya mnamo Aprili 2024. Wataalamu wakakubaliana kuzungumzia chembe za pumzi zenye ambukizo, za kila ukubwa, na kuacha kugombania mpaka kati ya tone kubwa na tone dogo. Bibi zetu, ambao hawakupata kuziona hadubini, walikuwa wakifungua madirisha ya chumba cha mgonjwa wa kifua. Sisi husema mtu amekwenda "kupunga upepo" tukimaanisha kwamba amekwenda kustarehe. Ni msemo wenye hekima, maana upepo wa baharini, juu ya sitaha, ni mojawapo ya mahali salama zaidi melini. Hatari imo ndani, kwenye ukumbi wa maonyesho usiku, ambako kila mmoja anapunga pumzi ya jirani yake.

Je, leo? Novemba 2022 meli Majestic Princess ilifika Sydney ikiwa na watu wapatao 4,600, na kati yao kiasi cha 800 walikuwa na korona. Idadi hiyo inapita ile ya Diamond Princess. Walakini wengi mno wa watu hao walikuwa wamechanjwa, na wengi wa wagonjwa walikuwa na dalili nyepesi au hawakuwa na dalili kabisa. Hapa ndipo penye jibu la swali nililoulizwa. Chanjo, pamoja na kinga iliyotokana na kuugua, zimepunguza sana uwezekano wa kufa; hazikuondoa uwezekano wa kuambukizwa, wala hazikubadilisha umbo la meli. Kwa kijana mwenye afya njema, korona ya melini yamkini itakuwa siku tano za kujifungia chumbani. Kwa mzee wa miaka 75 mwenye kisukari au moyo dhaifu, hesabu ni nyingine kabisa, hasa ikiwa hajachanjwa kwa muda mrefu. Na bandari nazo hazijaacha kuogopa. Februari 2024 Norwegian Dawn, yenye abiria zaidi ya 2,000, ilizuiliwa nje ya Port Louis, Morisi, kwa shaka ya kipindupindu. Vipimo vilionyesha kwamba hakikuwemo, lakini watu walikuwa wamekwisha kukaa baharini wakingoja.

Kwa hiyo sitamwambia mwalimu mstaafu asiende. Amesahihisha madaftari miaka 35 na ana haki ya kuona bahari kutoka juu. Nitamwambia achanje mapema kabla ya safari, achague chumba chenye roshani au dirisha linalofunguka iwapo mfuko unamruhusu, ale nje kwenye sitaha kila inapowezekana, na asione haya kuvaa barakoa kwenye lifti na kumbi. (Barakoa, kwa wasiojua, ilikuwa vazi la usoni la wanawake wa Kiarabu wa pwani hii muda mrefu kabla haijawa ya wauguzi na abiria wa matatu.) Aisome pia bima yake: zahanati ya melini hutoza, na kumsafirisha mgonjwa kutoka katikati ya bahari ni gharama inayoweza kumeza kiinua mgongo chote. Na arudipo, ajipime kabla ya kwenda kuwakumbatia wajukuu na mama mkongwe kijijini.

Kijana wa kazi ana mambo mengine. Mkataba mmoja nilioletewa ulitumia karibu ukurasa mzima kueleza sare, kuanzia rangi ya viatu hadi urefu wa kucha. Kuhusu maradhi ulikuwa na sentensi moja, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Mfanyakazi atakayeugua ugonjwa wa kuambukiza atatengwa." Wanafunzi wa isimu watakitambua kitenzi hicho. Kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Atatengwa na nani, wapi, kwa siku ngapi, na mshahara wa siku hizo utalipwa au hautalipwa? Nilimshauri mwenye mkataba aandike kwa wakala wake na kuuliza mambo mawili tu kabla ya kutia sahihi: watu wangapi watalala katika chumba chake, na atalipwaje akiwa ametengwa.

Swali la kwanza lilijibiwa siku ya pili yake: watakuwa wawili, kwa kitanda cha ghorofa, sitaha ya chini, bila dirisha. La pili halijajibiwa, na meli inaondoka mwisho wa mwezi.