Nani Huitwa Mzungu?

Mzungu ni jina ambalo wasemaji wa Kiswahili humwita mtu mweupe mwenye asili ya Ulaya, awe ametoka Ulaya yenyewe, Marekani, Australia au Afrika Kusini. Mkoani Mara jina hili husikika kila siku. Mtalii anayepita Bunda kwenda lango la Ndabaka, upande wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, hulisikia kutoka kwa watoto walio kando ya barabara hata kabla hajashuka garini: "Mzungu! Mzungu!" Mgeni anayekwenda Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere hulisikia pia, na anayeshuka Mwigobero mjini Musoma kuangalia mitumbwi hulikuta limemtangulia. Wanaolitamka wakati mwingine hutaka tu kusalimia, wakati mwingine kuuza kitu, na mara nyingine ni mshangao mtupu.

Asili ya jina ina maelezo mawili. La kwanza, lililo maarufu zaidi, hulihusisha na kitenzi kuzunguka: wageni wa kwanza kutoka Ulaya walionekana kama watu wasiotulia, waliotoka mji huu kwenda ule bila shamba wala mji wao. Mzizi huo ndio ulio ndani ya neno kizunguzungu. La pili hulihusisha na neno jingine la zamani, mzungu, ambalo wingi wake ni mizungu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni jambo la ajabu, ujanja au hila ya werevu. Na hadi leo mafunzo ya siri ya unyago huitwa mizungu katika baadhi ya jamii za Tanzania. Kwa maelezo haya, aliyeitwa mzungu alikuwa mtu wa maajabu, mwenye bunduki, saa, darubini na vitu vingine visivyoeleweka. Wataalamu hawajaafikiana ni lipi kati ya hayo mawili lililo sahihi, lakini yote mawili yana jambo moja la pamoja: hakuna hata moja linalotaja rangi ya ngozi. Jina lilianza kwa kuangalia tabia na vitu vya mgeni, kisha likahamia kwenye ngozi yake.

Kutoka pwani jina lilisafiri na misafara ya biashara. Richard Burton, aliyepita njia ya Tabora hadi Ujiji kati ya 1857 na 1859, aliandika katika kitabu chake cha 1860 kwamba Ulaya iliitwa Uzungu na watu wake Wazungu. Mwenzake, John Hanning Speke, alifika ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1858 karibu na Mwanza ya leo, na ghuba inayogusa Bunda bado inaitwa kwa jina lake. Jina lilipofika bara, lugha nyingi za maziwa makuu zililimeza na kulipa umbo lake: Waganda husema omuzungu, Wanyarwanda umuzungu. Wajaluo wa Rorya na Musoma, ambao lugha yao si ya Kibantu, wana majina yao wenyewe. Mzungu kwao ni odiero au jarachar, na hili la pili linatokana moja kwa moja na neno lao la weupe.

Zama za ukoloni zilileta majina ya kuwatofautisha. Mjerumani, ambaye alikuwa na kituo cha utawala Shirati na ngome Ikoma, aliitwa Mdachi. Mlowezi wa Kiholanzi kutoka Afrika Kusini aliitwa Kaburu, jina ambalo baadaye, kwa sababu ya siasa za ubaguzi wa rangi, likawa tusi la kumwita mtu yeyote mwenye kuonea wengine. Mbali na majina hayo ya makabila, kila ofisa alipachikwa jina lake binafsi kulingana na matendo yake. Karl Peters alijulikana kama Mkono wa Damu. Emil von Zelewski, aliyeuawa na Wahehe huko Lugalo Agosti 1891, aliitwa Nyundo. Tom von Prince aliitwa Bwana Sakarani. Wakati wa Waingereza, C. J. P. Ionides, mhifadhi wa wanyamapori aliyeishi Liwale na kukamata nyoka kwa maelfu, akawa Bwana Nyoka. Majina haya hayakutungwa ovyo. Yalikuwa hukumu ya raia juu ya mtawala, iliyotolewa mahali ambapo raia hakuwa na mahakama wala kura.

Mara haikuwa na walowezi wengi wa mashamba. Mzungu aliyekaa muda mrefu katika mkoa huu alikuwa zaidi mmisionari. Wa kwanza kati ya wamisionari Wakatoliki walikuwa Mapadre Weupe, waliofungua misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma, mwaka 1911. Wengi hudhani waliitwa hivyo kwa sababu ya ngozi zao, lakini jina lao linatokana na kanzu nyeupe walizovaa tangu shirika lao lilipoanzishwa na Kardinali Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, kwa kuiga mavazi ya Waarabu wa Afrika Kaskazini. Padri Mweupe mweusi, kwa hiyo, si kichekesho, wapo wengi. Ni hapo Nyegina ambapo kijana wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama alibatizwa Desemba 1943 na kupewa jina la Julius. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll, nao kutoka Marekani, walianza kazi Musoma mwaka 1946. Mmoja wao, John Rudin, alikuwa askofu wa Musoma kuanzia 1957 hadi 1979. Wageni wa namna hii walipelekwa kujifunza lugha katika shule ya Makoko, mjini Musoma, na mwanafunzi aliyeingia hapo akiitwa mzungu alitoka akiwa na jina jingine. Akishajua kuamkia na kuuliza habari za nyumbani, watu walimwita padri, sista, mwalimu, daktari au mama. Neno mzungu lilibaki kwa asiyejulikana.

Visiwa vya Bahama, ng'ambo ya Atlantiki, vina mfano unaolingana na huu lakini wenye mwelekeo tofauti. Huko mzawa mweupe huitwa Conchy Joe. Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na conch, konokono mkubwa wa baharini ambaye nyama yake ni chakula cha taifa. Wazee wa Conchy Joe ni walowezi Waingereza waliofika kutoka Bermuda mwaka 1648, na wengine waliokimbia Marekani baada ya vita vya uhuru vilivyomalizika 1783. Jina hilo humtenga mzawa na mtalii: mtalii ni mweupe tu, lakini Conchy Joe amekulia kwenye uvuvi na mashua na anasema Kiingereza cha visiwani. Likitoka kwa rafiki ni utani, likitoka kwa hasimu ni dharau. Kenya nayo ina jina la namna hiyo kwa vijana weupe waliozaliwa huko: Kenya Cowboy, kwa kifupi KC.

Tanzania haina jina maalumu la mweupe mzawa. Sababu moja ni uchache wao; nyingine ni siasa. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa Dar es Salaam, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa kabisa, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kufanya rangi kuwa kipimo cha uraia. Muswada ukapita. Kwa hiyo Derek Bryceson, mkulima mzaliwa wa familia ya Kiingereza, aliweza kuendelea kuwa waziri, na mwaka 1965 akachaguliwa mbunge Dar es Salaam akishindana na mgombea Mwafrika. Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden aliyefika Bukoba mwaka 1946, akawa raia na mbunge, akajulikana nchi nzima kama Mama Barbro. Katika jina hilo Uzungu haumo.

Katika mazungumzo ya leo, maana ya neno imepanuka. Dawa za kizungu ni za hospitali, zikitofautishwa na za kienyeji. Kuku wa kizungu ni wa kisasa, na bei yake sokoni Bunda si ya kuku wa kienyeji. Mwajiri anayelipa vizuri huitwa mzungu wangu hata akiwa Mjita. Anayefika kikaoni saa ileile iliyotajwa husemwa ana mambo ya kizungu. Wapo pia weupe waliolichukua jina wenyewe na kulifanya lao: Espen Sørensen, mwanamuziki mwenye asili ya Denmark aliyekulia Zambia na Tanzania, anaimba Bongo Fleva kwa jina la Mzungu Kichaa.

Upande mmoja wa neno hili una madhara. Mtoto mwenye ualbino, aliyezaliwa na wazazi weusi Musoma au Bunda, akiitwa mzungu barabarani anaambiwa kwamba si wa hapa. Kanda ya Ziwa imewahi kushuhudia mauaji ya watu wenye ualbino kwa imani za kishirikina, na dhana kwamba wao ni viumbe wa aina nyingine ndiyo iliyowarahisishia wauaji kazi. Kwa mtoto huyo, jina hilo si utani.

Kwa mgeni, neno lenyewe si tusi. Ni neno la kumtaja mtu ambaye bado hajafahamika, na ubaya wake huja pale anapoendelea kuitwa hivyo baada ya miaka kumi ya ujirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa. Aliyekwisha kupewa jembe anastahili pia kuitwa kwa jina lake, na njia ya kulijua ni kumuuliza.